Fundi kaweka oili nyingine: anza na gia boksi, injini ina subira

*"Shikamoo fundi. Niko Mtwara mjini, ninafundisha shule ya msingi. Nina Nissan X-Trail ya mwaka 2008, petroli, injini ya lita 2, otomatiki. Wiki mbili zilizopita nililipeleka gereji kwa servisi kubwa. Niliandika kwenye karatasi kabisa: oili ya injini 5W-30 sinthetiki, oili ya gia boksi NS-2, na kulanti mpya, yaani maji ya dawa ya kupoozea injini. Nilipofuata gari nikakuta madumu matupu kando ya ukuta yameandikwa 20W-50. Kuuliza, naambiwa 5W-30 ni ya nchi za baridi, kwa joto la huku kwetu inakuwa kama maji na injini ingekufa. Tangu siku hiyo sina amani. Nimesoma mahali kwamba oili nzito inaziba njia na kuua injini. Niimwage leo? Injini imeshaharibika? Nina haki ya kudai pesa yangu? Gia boksi nayo waliweka haidroliki nyekundu ya kawaida kwa sababu NS-2 haikuwepo dukani, wakasema zote ni haidroliki tu. Rejeta wameongezea kulanti ya kijani juu ya ile iliyokuwemo. Gari linatembea, ila nikianza kuondoka linatetemeka kidogo, na nikipandisha kutoka Mikindani linavuma. Nimeshatembea kama kilomita 180. Jumamosi nina safari ya Newala, arobaini ya mjomba."*

Marahaba, mwalimu. Poleni na msiba.

Hofu yako karibu yote umeipeleka kwenye injini, na gia boksi umeitaja kama jambo la pembeni. Mimi nitakujibu kinyume. Injini yako iko salama kwa sasa, haitakufa wiki hii wala mwezi huu kwa sababu ya 20W-50. Gia boksi ndiyo inayoumia kila unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo jibu la haraka kabla ya maelezo: Jumamosi panda basi. Gari lipumzike nyumbani mpaka ile haidroliki nyekundu itoke.

Neno "zote ni haidroliki tu" nimelisikia katika gereji nyingi, na kwa miaka mingi lilikuwa karibu na ukweli. Otomatiki za zamani, kama ya IST za mwanzo au Corolla za miaka ya tisini, ndani yake mna gia halisi za meno pamoja na sahani za kluchi zinazoogelea kwenye oili. Sahani zikibanwa, gia inaingia. Haidroliki nyekundu imetengenezwa kwa ajili ya sahani hizo. Imetiwa kemikali zinazoziacha ziteleze kidogo kabla ya kushikana, ili abiria asirushwe mbele kila gia inapobadilika. Kuteleza huko kidogo ndiyo sifa yake.

X-Trail yako ina gia boksi ya aina nyingine, ile tunayoiita CVT. Huwezi kuhesabu gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sababu hazimo. Kuna puli mbili za chuma, kila moja ina pande mbili zenye umbo la koni, na katikati yake umepita mkanda wa chuma uliopangwa kwa mamia ya vipande vidogo. Pande za puli zikisogeleana, mkanda hupanda juu, zikiachana, hushuka. Ndivyo gari linavyoongeza mwendo bila ule mstuko wa kubadili gia. Sasa fikiria: nguvu yote ya injini, na mzigo wote wa gari, vinapita pale chuma kinapobana chuma, na katikati kuna utando mwembamba wa oili. Oili hiyo, ambayo kwa gari lako ni NS-2, oili ya Nissan ya CVT, inatakiwa kuzuia chuma kisilike, na papo hapo izuie mkanda usiteleze. Ni kama mgema juu ya mnazi. Hataki nyayo zichubuke, lakini ukimpaka mafuta ya nazi miguuni atafika chini kabla ya tembo lake.

Haidroliki ya kawaida ndiyo hayo mafuta ya nazi. Mkanda unashika, unateleza, unashika tena. Huo mtetemo unaousikia ukianza kuondoka unalingana kabisa na hali hiyo. Kila unapoteleza unakwangua uso wa puli, uso ambao kiwandani ulisawazishwa kwa umakini mkubwa. Unga wa chuma unaotoka hapo hauendi mbali. Unazunguka na oili, unaingia kwenye valvu zinazodhibiti presha, presha inapungua, na mkanda unateleza zaidi. Mlima unaongeza joto, na joto linaidhoofisha oili ambayo tangu mwanzo haikuwa ya kazi hiyo. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na ukiwa na abiria wanne na masufuria ya arobaini nyuma, ni njia ya uhakika ya kumaliza kazi ambayo gereji imeianza.

Kosa hili nalijua kwa kulilipia. CVT ya kwanza kuletwa kwangu, mimi niliona ni otomatiki kama otomatiki, nikamimina haidroliki, tena ya bei. Mwenye gari akaenda Masasi. Alirudi siku ya tatu amevutwa kwa kamba nyuma ya lori. Nilimnunulia gia boksi ya mtumba na deni lake nikalilipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Kwa hiyo sitaki kumwita fundi wako mwizi. Inawezekana kabisa hajui. Lakini kutojua kwake hakupunguzi kitu kwenye puli zako.

Kilomita 180, nyingi zikiwa za mjini kwenye tambarare, zinanipa matumaini. Kuna jambo moja zaidi la kukufariji kidogo. Gia boksi yako inabeba oili kama lita 10, lakini ukifungua nati ya chini hutoka karibu nusu tu. Nyingine hubaki kwenye konveta, ile sehemu inayounganisha injini na gia boksi, na kwenye njia za kupoozea. Kama gereji walifungua nati, wakamwaga na kujaza, na wengi hufanya hivyo, basi sasa hivi una mchanganyiko: nusu haidroliki, nusu oili ya zamani iliyo sahihi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kumwaga mara moja hakutoshi. Ukimwaga na kujaza NS-2 mara ya kwanza, haidroliki inashuka kutoka nusu hadi robo. Mara ya pili, moja ya nane. Mara ya tatu, moja ya kumi na sita, na hapo mimi huwa naridhika. Kati ya mara moja na nyingine gari litembezwe taratibu kilomita chache ili oili ichanganyike. Ni kama lita 15 kwa jumla, na najua bei yake inauma. Gia boksi nyingine, hata ya mtumba, bei yake inaanza kuhesabiwa kwa milioni.

Mara ya kwanza ya kumwaga, sisitiza wafungue sampu, yaani lile bakuli la chini, wasiishie kwenye nati. Ndani mna sumaku ndogo. Ukikuta zimeshika tope laini la kijivu, kama majivu yaliyolowa, hiyo ni kawaida kwa gari la umri huu. Ukikuta chembe zinazong'aa unazoweza kuzihisi kwa kidole, au vipande kama sindano, basi acha kununua oili. Puli zimeshakwaruzika, na oili mpya haioteshi chuma. Kabla ya sumaku kufutwa, zipige picha. Chujio la sampu lioshwe, na lile chujio dogo la karatasi linalokaa kwenye njia ya kupoozea libadilishwe.

Kuhusu kuipata NS-2: kama maduka ya Mtwara hayana, agiza Dar es Salaam ije kwa basi. Inayofaa ni ile ambayo kwenye dumu lake, kwenye orodha ya viwango inavyotimiza, wameandika NS-2 kwa herufi zinazosomeka. Si lazima iwe na nembo ya Nissan. Dumu lililoandikwa tu "otomatiki zote", bila kutaja CVT wala NS-2, liache dukani. Na usikubali uamuzi wa rangi. Haidroliki nyingi ni nyekundu, lakini zipo pia oili za CVT zenye wekundu, na rangi ni rangi tu, huongezwa kiwandani. Kuisugua kati ya vidole na kuinusa, mtindo tunaoupenda sana sisi mafundi, hakuwezi kutofautisha hizi mbili.

Kipimo chake kinasomwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto. Ikizidi nayo ni tatizo, inatoa povu.

Kama baada ya hayo yote mtetemo umeondoka, endelea na maisha. Ukibaki, au mshale wa mizunguko ya injini ukapanda huku gari haliongezi mwendo, au taa ikawaka kwenye dashibodi, hapo hutatibiwa kwa maandishi yangu. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari ambaye CVT amewahi kuifungua, na kama ni wa mbali, gari lipelekwe limebebwa. Kuhusu ule mvumo wa mlimani, jiulize kwa uaminifu kama haukuwepo kabla ya servisi. CVT za umri huo mara nyingi huvuma kwa sababu ya beringi zilizochoka, na hilo gereji hawakuhusika nalo.

Sasa injini.

Hoja ya fundi kwamba 5W-30 ni ya nchi za baridi inatokana na ile W, ambayo kweli inasimama kwa majira ya baridi ya wazungu. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi kali. Namba ya pili inaeleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Hiyo 30 maana yake oili ikiwa moto ina uzito kati ya 9.3 na 12.5 kwa sentistoki, kipimo cha uzito wa oili inapotiririka. 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo 5W-30 haigeuki maji kwa joto la Mtwara. Ina uzito uleule ambao waliobuni injini yako waliupigia hesabu walipoamua nafasi kati ya beringi na krenki iwe upana gani.

Tena, injini ikishachemka haijui iko Mtwara au Hokkaido, kule Japani kwenye theluji. Themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la injini, inayashika maji yake karibu na nyuzi 80 na zaidi kidogo popote ulipo. Labda kama fundi aling'oa themostati, ugonjwa mwingine wa gereji zetu ambao leo sitaufungua.

Fundi wako ana sehemu ya ukweli, na nisipoisema nitakuwa simtendei haki. Waliomfundisha kazi walikulia kwenye Peugeot 504 na Land Rover za zamani, injini zenye nafasi pana ndani, na nyingi zilikuwa zimechoka. Oili nzito ilizipunguzia kelele na moshi. Hata leo vitabu vya magari mengi vina mchoro wa joto la nje na oili zinazokubalika, na kwenye joto kubwa oili nzito kiasi huruhusiwa. Injini yako ikiwa inakula oili, mimi mwenyewe ningeweza kukushauri upande hadi 40. Lakini 50 kwa injini ya 2008 isiyo na tatizo ni kuvisha koti la mvua kiangazi.

Inafanya nini basi? Asubuhi, kabla injini haijapata moto, 20W-50 ni nzito mara mbili na zaidi kuliko 5W-30, kwa hiyo inachelewa kufika juu kwenye valvu. Utaratibu unaobadili muda wa valvu kufunguka unaendeshwa kwa presha ya oili kupitia vitundu vyembamba, nao unakuwa mzito kuitikia. Petroli inaliwa zaidi kidogo. Hayo ni madhara ya kweli, ila ni ya polepole, ya miezi na miaka. Ulichosoma kuhusu kuziba njia si sahihi. Oili haizibi kwa sababu ni nzito. Kinachoziba ni tope la oili iliyoachwa ndani muda mrefu mpaka ikaungua.

Kwa hiyo oili ya injini usiimwage leo. Pesa hiyo ipeleke kwenye NS-2. Ondoka taratibu asubuhi, usiipandishe mizunguko kabla haijapata moto, na ubadilishe kwenda 5W-30 pamoja na filta utakapovuta pumzi. Mimi nisingevuka kilomita 3,000. Kuna hali mbili za kuimwaga mapema: ukisikia mlio wa kugonga sekunde za kwanza ukiwasha, au ukisoma lile dumu na kukuta haina kiwango cha petroli cha kisasa. Tafuta herufi za API, alama ya kiwango cha ubora wa oili. Kwa gari lako, SM, SN au SP ni sawa. Ukiona inayoanza na C peke yake, hiyo imekusudiwa dizeli.

Kwa uharaka, kulanti iko katikati ya gia boksi na injini. Hapa tena rangi inatudanganya: kijani na kijani zinaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa, na nyekundu na kijani zinaweza kufanana. Zisipopatana, dawa za kuzuia kutu zinaharibiana na wakati mwingine hutoka tope. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tazama kwenye tangi dogo la plastiki. Maji maangavu, hata yakiwa na rangi ya ajabu, yanaweza kusubiri. Yakiwa na ukahawia, utelezi au mabonge, yamwagwe siku hiyohiyo ya gia boksi, kwa sababu oili ya CVT inapoozwa na maji hayohayo. Wasafishe kwa maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana tindikali ya betri nayo mara nyingi hukaa rafu hiyohiyo. Maji ya visima vya pwani yetu yana chumvi na chokaa. Kwenye rejeta yanaacha gamba kama lile la ndani ya birika lako.

Uliza swali moja ambalo hukuliuliza: waligusa mafuta ya breki? Watu wanaosema "zote ni haidroliki" wananitia wasiwasi hapo kuliko pengine pote. Mafuta ya breki ya DOT 3 wakiongezea ya DOT 4 hakuna maafa. Lakini haidroliki ya gia boksi ikiingia kwenye kikopo cha breki, mipira yote ya mfumo inavimba, na breki zinaweza kung'ang'ania au kupotea kabisa. Jibu likiwa ndiyo, au wakianza kutazamana, gari lisisogee hata kwenda gereji.

Kuhusu pesa. Ndiyo, una haki. Uliomba kitu kwa jina, wakaweka kingine bila kukupigia simu, wakachukua malipo. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kwa sheria zetu, na wewe una zaidi ya mdomo, una karatasi. Lakini ningeanza kwa kwenda kuzungumza, asubuhi, kabla gereji haijajaa watu wa kumfanya fundi aone aibu. Usianze na injini, maana mtabishana juu ya joto la Mtwara mpaka adhuhuri na yeye atakuwa na hoja nusu. Anza na gia boksi, hapo hana pa kusimama. Mwombe alipie oili, ufundi na filta, au angalau ufundi wote na nusu ya oili. Kama ni mtu wa kazi atakubali.

Oili watakayomwaga, chukua kidogo kwenye chupa safi ya maji, andika tarehe, uifiche kabatini pamoja na risiti na zile picha za sumaku. Risiti iliyoandikwa "servisi" tu haikusaidii; omba waandike kila walichoweka, kwa jina na lita. Wakikataa kabisa, pata maandishi ya fundi mwingine aliyelikagua gari, kisha ndipo ufikirie Mahakama ya Mwanzo, au malalamiko kwa Tume ya Ushindani, maana sheria ya mwaka 2003 inayoisimamia inamlinda mteja dhidi ya kupotoshwa. Njia hizo zipo, ila zina foleni, na NS-2 haiwezi kusubiri hukumu. Badilisha oili kwanza, hata kwa pesa yako, dai baadaye.

Siku ya kazi hiyo nunua oili mwenyewe, ukague vizibo havijafunguliwa, kisha ukae palepale. Beba madaftari ya kusahihisha. Kumwaga na kujaza mara tatu kutakutosha darasa zima. Madumu matupu ondoka nayo.